Dirisha la Arobaini

Doa la wino ndilo lililokuwa sugu kuliko yote. La mafuta ya kula linatoka, la majani linatoka, la rangi ya midomo nalo linatoka ukilibembeleza. Lakini wino uliovujia mfuko wa shati huko Ulaya, ukakauka, ukavuka bahari, ukaja kufunguliwa Kariakoo, huo haukubali sabuni wala ndimu. Huo unataka petroli. Unachovya pamba kwenye kopo, unagusa doa kuanzia pembeni kwenda katikati. Unagusa, hupaki. Ukipaka limetanda, na shati limekufa. Dada yangu alikuwa na mkono wa kazi hiyo mpaka wauza mitumba wa mtaa wa pili walikuwa wanamletea zao.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tuliona mji unageuka kama mtu aliyepona homa. Kila kitu kikawa ruksa: redio za kaseti, viatu vya raba, na marobota ya mitumba yakishushwa toka malori ya bandarini. Lilipokatwa robota watu walisukumana kuchagua kwanza, na mimi, msichana wa darasa la saba niliyekosa nafasi ya sekondari, niliona nimefika peponi. Kila gauni lilikuwa na hadithi yake. Nilikuwa naota duka langu mwenyewe, lenye kioo mbele na sanamu zilizovalishwa nguo, na feni juu inayozunguka taratibu. Dada alinicheka. "Sanamu zako utazilisha nini?" Lakini alinicheka kwa mapenzi.

Mume wake, shemeji yangu, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha vitambaa. Nguo za nje zilipojaa, vitambaa vya kiwanda vikakosa mnunuzi, na wafanyakazi wakapunguzwa, yeye akiwa mmoja wao. Akawa anakwenda bandarini kutafuta kibarua cha kupakua mizigo, siku anapata, siku anarudi na jasho la kusubiri tu. Kwa hiyo nguo zilizomwachisha kazi mume ndizo zilizompa kazi mke. Shemeji hakulisema jambo hilo hata siku moja. Alikuwa akiingia chumbani akikuta tumezungukwa na mashati, anayaruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Tulikaa nyumba ya vyumba sita, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Uani ndiko kila mpangaji alikoweka jiko lake la mkaa, na ndiko tulikowasha pasi yetu, nayo ya mkaa. Sasa petroli na mkaa haviwezi kukaa baraza moja, hilo hata mtoto anajua. Mwenye nyumba alituambia wazi kwamba akiona kopo la petroli uani, tufungashe virago. Tukakubali, kwa sababu alikuwa na haki. Basi tukapeleka kazi ya madoa chumbani, mbali na moto. Kopo likakaa chini, mwisho wa kitanda, karibu na dirisha dogo linalotazama uchochoro. Tuliogopa moto. Harufu haikutuogopesha hata kidogo, nani aliwahi kuungua kwa harufu?

Chumba kilichotazamana na chetu alikaa mama mmoja wa Kinyamwezi, mnene, mjane, muuza karanga. Sisi ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo yeye na dada walikuwa hawasalimiani kama watu.

"Wazaramo mmeamka, au ngoma ya jana bado inawalia masikioni?"

"Tumeamka, wewe. Babu yako si ndiye aliyeletwa mjini na jino la tembo kichwani?"

"Akafika akamkuta babu yako kalala. Akamruka."

Wanacheka, halafu mtani anachota karanga kiganja kizima anawapa watoto. Ndivyo asubuhi zetu zilivyoanza.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza wa kike, alizaliwa Mbagala kwa bibi yake mzaa baba, wakati ule Mbagala ikiwa mikorosho mitupu na nyumba za kuhesabu. Wa pili wa kiume, huyo alizaliwa wakati dada ameshaingia kwenye mitumba, na arobaini yake aliimalizia pale pale Kariakoo.

Mama mkwe wa dada alikuja na mkoba wake wa ukili kusimamia arobaini, na chumba kikawa chake. Mzazi hatoki nje. Mtoto haonwi na kila mtu. Asubuhi na jioni dada alikandwa kwa maji ya moto mpaka akawa anapiga kelele, na bibi anamwambia, "Lia tu, mwanangu, mfupa unarudi mahali pake." Alikuwa na mikono ya huruma yule mama, nisije nikamdhulumu. Alimwosha mjukuu kama mtu anayeosha yai, akimwita mume wangu, mume wangu. Na jambo alilolichunga kuliko yote ni upepo. Alisema uchochoro ule unapita watu wa kila namna, na upepo wake si wa kumgusa kiumbe mchanga. Akafunga dirisha, akachukua kanga kuukuu akaziba kila upenyo, mpaka mwanga ukaingia kwa kuomba ruhusa.

Robota lilikuwa limeshafunguliwa, nguo zinangoja. Dada hakuweza kutoka, lakini mikono ilikuwa mizima. "Kukaa ndani si kukaa bure," bibi mwenyewe alisema, na akamsogezea kopo pale alipokaa amenyoosha miguu. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua yenye madoa, dada akiyagusa kwa pamba, na mtoto amelala katikati yetu juu ya rundo la sweta, amefunikwa sweta jingine. Chumba kilinuka liwa, petroli na maziwa. Sitaficha, nilikuwa naipenda harufu ile. Kichwa kinakuwa chepesi, unacheka bila sababu. Nilimwambia dada duka langu litanukia hivi hivi, akasema, "Wateja watazimia." Tukacheka mpaka bibi akatuambia tutamwamsha mume wake.

Arobaini ikaisha, mtoto akanyolewa, bibi akarudi Mbagala. Lakini kopo halikuhama. Mtoto alijifunza kutambaa akilizunguka.

Alikua vizuri, mnene, mwenye vishimo mashavuni. Hata sijui ni lini hasa alianza kuugua. Kwanza aliacha kukimbia. Mtoto aliyekuwa anatuponyoka mpaka barabarani akawa anasimama katikati ya ukumbi na kunyoosha mikono: "Nibebe, mamdogo. Miguu inauma." Tukamwita mvivu. Halafu homa. Tukampa klorokwini, akaitema, tukambana pua akaimeza. Homa ikashuka, ikapanda. Midomo ikapauka. Halafu yakaja mabaka ya samawati mapajani na mgongoni, kama mtu aliyepigwa, na wapangaji wakaanza kumtazama dada kwa jicho la pembeni. Mmoja alimwuliza kwa sauti pale bombani, "Mtoto wa watu unampigia nini?" Dada alirudi chumbani akakaa chini, hakulia, akawa anamgeuza mtoto huku na huku kama anayetafuta doa kwenye shati.

Siku fizi zilipotoka damu na haikukoma, tulikwenda hospitali. Wakampima, wakatupeleka hospitali kubwa. Huko wakampima tena, na safari hii walitoboa mfupa wa nyonga. Kilio chake cha siku ile sitakiandika.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alituambia kwa sauti ya chini: saratani ya damu. Mama mkwe wa dada alikuwa ameshakuja, amekaa kwenye benchi nyuma yetu, ushungi umefunika nusu ya uso. Daktari akafungua kalamu akaanza kuuliza.

"Mama, ulipokuwa na mimba yake, ulipigwa picha ya eksirei?"

"Hapana."

"Alizaliwa na uzito gani?"

"Mkubwa. Walinishona."

"Ulimnyonyesha mpaka lini?"

"Mpaka alipokataa mwenyewe."

"Nyumbani kuna mtu anavuta sigara? Mnapuliza dawa ya wadudu?"

"Mume wangu alikuwa anavuta, ameacha. Dawa ya mbu, mara moja moja."

"Na kazi yako?"

Dada akamwambia. Alimweleza vizuri kabisa, kwa majivuno kidogo hata, jinsi ya kugusa doa bila kupaka. Kalamu ya daktari ikasimama.

"Petroli? Ndani? Tangu lini?"

"Tangu mimba yake."

"Na yeye alikuwa analala humo humo?"

"Analala humo. Chumba kimoja."

Daktari akaandika. Nyuma yangu nikasikia bibi anavuta pumzi.

Kwetu, ukienda kwa mganga, akikuuliza jambo anakuuliza analolijua. Anakuuliza kama mlikosana na jirani, kwa sababu ameshamwona jirani kwenye maji. Swali lenyewe ndilo jibu. Sisi wote pale tulikuwa tumezoea kuulizwa kwa namna hiyo, na bibi kuliko wote. Kwa hiyo alisikia kila swali likidondoka kama hukumu, na lile la mwisho, lililoisimamisha kalamu, ndilo lililomkaa.

Dada naye alilisikia hivyo hivyo. Akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Daktari akainua uso. Ninavyomkumbuka, alionekana kushtuka kweli. "Sikusema hivyo, mama. Naandika yote kwa sababu hatujui. Wapo watoto wanaokulia kwenye moshi na mafuta na hawaugui. Wapo ambao hawajawahi kunusa petroli, na wako wodini humu. Inawezekana imechangia. Inawezekana haihusiki kabisa. Hakuna mtu anayeweza kukwambia kwa mtoto huyu ni nini."

"Hata nyie?"

"Hata sisi." Akafunga kalamu. Halafu, akisimama, kama mtu anayekumbuka jambo dogo mlangoni, akasema, "Lakini hiyo kazi usiifanye walipo watoto."

Maneno yote ya mwanzo yakapotea. Hilo la mwisho likabaki.

Wodi ile ilikuwa ndefu, vitanda vingine na watoto wawili wawili. Dawa ya mshipa, ile iliyompukutisha nywele, ilikuwepo siku nyingine, siku nyingine ikawa tuitafute maduka ya Posta. Shemeji alitoa damu, mimi nikatoa, mtani akaja na kanga zake mbili na karanga za manesi, akatoa. "Sasa huyu si Mzaramo tena," alimwambia dada. "Ana damu ya Unyamwezi. Ataanza kuamka mapema." Dada akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, na mama wa kitanda cha pili akacheka naye bila kujua sababu.

Mchana nilikaa na mtoto ili dada alale kidogo chini ya kitanda. Nilimsimulia duka langu. Nilimwambia yeye ndiye atakayekaa juu ya meza, karibu na kioo, apokee wateja.

"Nitavaa koti?"

"Utavaa koti lenye vifungo vya dhahabu."

"Na nywele zangu zitakuwa zimerudi?"

"Zitakuwa zimerudi mpaka mabegani, tutakusuka."

"Mimi mwanamume, mamdogo." Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto.

Alifariki mchana, jua limesimama, wachuuzi wa nje wanaita wateja kama kawaida. Alikuwa kifuani kwa dada. Nesi alipokuja kumchukua, dada alimzuia kwa kiganja, akamfunga vizuri kifungo cha shati kilichokuwa kimeachia, ndipo akamtoa.

Matanga yaliwekwa Kariakoo. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ukumbini na vyumbani juu ya mikeka. Kilio cha kwanza kilipotulia, bibi alimwita shemeji uani. Mimi nilikuwa naosha masufuria, mtani anapepeta mchele, na wao hawakutuona, au hawakutujali.

"Huyu wa kike simwachi," alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu, daktari kamwuliza mbele yangu. Kamnusisha mwenzake sumu tangu tumboni. Matanga yakianuliwa, naondoka naye Mbagala. Na nitalisema mbele ya watu, ili asije akanifuata."

"Mama…"

"Mama nini? Unataka umzike na huyu?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Mtu aliyezoea kuinua magunia, lakini kwa mama yake alikuwa hana shingo. Nikaenda kumwambia dada. Alikuwa amekaa kwenye kona, binti yake kamlalia mapajani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na yeye kasema nini?"

"Shemeji? Hajasema kitu."

Akamfunika binti kwa upande wa kanga yake. "Hawamchukui," alisema. Si kwa nguvu. Alisema kama mtu anayeomba maji. "Nimebaki naye huyu tu. Wasinisimamishe mbele ya watu wakanichukulia." Nikaahidi kwamba hawatamchukua. Nilikuwa naahidi hovyo tu, sikuwa na uwezo wowote, lakini ndivyo nilivyo.

Siku ya kuanua matanga, baada ya dua, watu walikuwa wanangoja pilau. Bibi alikuwa ameshasogea katikati ya mkeka, ameweka ushungi sawa, na wakubwa wa ukoo wamekaa karibu naye. Nikajua sasa. Mkono wangu ulikuwa kwenye bega la dada.

Ndipo mtani akaingia.

Msibani mtani ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana. Amechimba kaburi, amebeba maji, ana haki ya kuwacheka wafiwa na kuwatoza, na haruhusiwi mtu kumkasirikia. Ukimkasirikia umejivunjia heshima mwenyewe. Mama yule aliingia amevaa koti refu la mitumba, la kiume, limemfikia visiginoni, na juu amejitanda ushungi ukifunika nusu ya uso, sawasawa na bibi. Mkononi ana kopo tupu la maziwa. Akasimama mbele ya masinia.

"Hapaliwi! Wazaramo kulia mnajua, kula mnajua, kuchimba mpaka tuje sisi!"

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi. Akatembea kwa hatua za bibi, mkono mmoja kiunoni, na kicheko kikazidi, maana alimpatia. Hata bibi alitabasamu.

"Mwanangu kazaa," mtani akasema kwa sauti ya bibi. "Mume wangu huyo! Mume wangu! Upepo, jamani, upepo! Fungeni dirisha!" Akakimbilia dirisha la ukumbi, akamvua mama mmoja kanga ya kichwani, akaanza kuziba mianya. "Ziba hapa! Ziba na hapa! Asipite hata nzi!" Wanawake wakapiga vigelegele kwa kicheko. Halafu akageuka, akavuta hewa kwa pua, ndefu, akafumba macho. "Aaah. Humu tunanukia kama kituo cha mafuta. Raha iliyoje. Sasa mzazi asikae bure. Kukaa ndani si kukaa bure! Shika kopo, mwanangu. Gusa, usipake."

Kicheko kikaendelea upande mmoja wa ukumbi, upande mwingine kikakatika. Walioijua arobaini ile waliacha kwanza. Halafu wengine wakawatazama hao, nao wakaacha. Mtani alibaki amesimama na kopo lake, ushungi umemteleza.

"Mimi Mnyamwezi, sina akili," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Nisaidieni, watani zangu. Kopo lilishikwa na mmoja. Dirisha lilifungwa na nani? Na mimi niliyekaa mlango wa kutazamana nikinusa kila siku, nikala karanga zangu nikanyamaza, mimi mnaniweka wapi? Na mwenye nyumba aliyetuzuia uani? Na daktari mwenyewe kasema hajui. Kama mna mtu mnataka kumshika, basi leteni kamba ndefu, mtufunge nyumba nzima."

Akaweka kopo mbele ya bibi na kunyoosha kiganja, akidai ujira wake wa utani.

Bibi alimtazama. Nilidhani atamtukana, na kama angemtukana sijui ingekuwaje. Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kanga, ukahangaika na fundo, ukalifungua. Akamwekea mtani noti kiganjani. Halafu akasema, "Pakueni watu wale."

Jioni alimkuta dada uani, akisuuza vyombo. Mimi nilikuwa napanga sinia. Akasimama nyuma yake.

"Mimi nilifunga kwa kumpenda," alisema.

"Najua, mama."

"Niliwaona wazee wetu wakifunga, na mimi nikafunga."

"Najua."

"Mtoto abaki na wewe."

Dada hakugeuka. Maji yalikuwa yanamiminika kwenye kiganja chake, na aliyaacha yamiminike.

Nilifurahi, wallahi. Ile furaha ya kijinga ya kuona maneno ya ahadi yangu yametimia bila mimi kufanya chochote. Niliona binti atabaki, dada atapona polepole, na siku moja yeye ndiye atakayekaa juu ya meza ya duka langu. Nilimwambia dada hivyo. Hakunicheka.

Alijaribu kuacha petroli. Alijaribu kweli. Alianika mashati juani na ndimu na chumvi, akasugua kwa mkaa uliosagwa, akajaribu magadi. Wino ulibaki pale pale ukimtazama. Wateja walinyanyua shati, wakaona doa, wakalirudisha na kwenda kwa jirani ambaye yake yametakata. Akajaribu kuuza maandazi, lakini ukumbini tulikuwa wauza maandazi watatu. Shemeji alikuwa anarudi bandarini mikono mitupu zaidi ya zamani, kwa kuwa vijana walikuwa wengi na yeye mgongo umeanza kumsumbua. Tukatafuta chumba cha pili cha kufanyia kazi, hakikupatikana cha bei tunayoiweza. Mwishowe kopo lilirudi chumbani. Dirisha tuliliacha wazi usiku na mchana, lakini uchochoro wenyewe hauna hewa, umejaa moshi wa majiko na malori.

Nikawa namwona dada anamtazama binti akilala. Si kutazama kwa mama. Alikuwa anamkunjua mguu, anamkagua paja kwa taa. Mtoto akisema amechoka, dada anashika ukuta. Mtoto akianguka akachubuka, dada alikaa akilitazama jeraha mpaka baka lilipobadilika rangi na kuisha. Binti akaanza kuogopa kuguswa. "Mama, mimi siumwi," alikuwa anasema, akijivuta.

Asubuhi moja dada alimwogesha, akamvalisha gauni zuri lililotoka kwenye robota, la kola nyeupe, lisilo na doa hata kabla hatujaligusa. Akafunga nguo zake nyingine kwenye kanga. Nikauliza wanakwenda wapi.

"Mbagala."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia amepigania, ameshinda mbele ya ukoo wote, sasa anampeleka mwenyewe? Akaniacha nimalize, kama kawaida yake.

"Sikupigania nikae naye," alisema. "Nilipigania wasinichukulie."

Twende wote, nikasema, tuhamie Mbagala, tuuze korosho. Akanishika shavu kwa mkono wake, na mkono ulikuwa umeoshwa kwa sabuni na ndimu mpaka umekauka, na bado ulinukia. "Robota huwa linashushwa Mbagala?" aliniuliza.

Bibi alitukuta kwenye njia ya mikorosho kabla hatujafika nyumbani kwake, ana kuni kichwani. Aliona furushi, akaona gauni la kola nyeupe, akashusha kuni chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakulazimisha?"

"Hakuna."

"Mume wako?"

"Hajui bado. Atajua jioni."

Yule mama alikaa chini pale pale njiani, juu ya kuni zake. Nilidhani atafurahi, ndicho alichokitaka. Alikuwa analia. "Mwanangu, nilishasema abaki," alisema. "Watu wote walisikia."

"Walisikia, mama. Na mimi nilisikia." Dada akamsukuma binti taratibu mbele. "Daktari alisema walipo watoto nisiifanye. Na mimi kazi ninayoijua ni hiyo."

Binti alimshika bibi yake mkono, lakini uso wake ulikuwa kwetu. "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Mbona mnaniacha?"

Dada alichuchumaa. Alinyoosha mikono amkumbatie, halafu akairudisha, akaifuta kwenye kanga, akainyoosha tena. Mtoto hakusogea. Wakabaki hivyo, mmoja kanyoosha mikono, mwingine kasimama, mpaka bibi alipomwinua binti na kumweka kifuani, akasema atakuwa anamleta Ijumaa, kila Ijumaa, akale na mama yake uani.

"Barazani mbele, mama," dada alisema. "Uani pana moshi."

Tulirudi tukitembea kitambo kirefu kabla ya kupanda gari, kwa kuwa dada hakutaka kukaa na watu. Nilitafuta la kumwambia. Mimi ambaye sikuwahi kukosa la kumwambia mtu, nilitafuta njia nzima. Tulipofika barabara ya lami alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni, akakaza.

"Twende haraka," alisema. "Kesho robota linafunguliwa asubuhi."